Dimu zimekufa pande zote mbili, fulu zinawaka. Fyuzi nzima, balbu mpya. Nianzie wapi?

Dereva_Makini

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa taa za mbele.

Gari ni saluni ya Kijapani ya miaka ya 1990, umeme wa volti 12, balbu za H4, zile za miguu mitatu zenye dimu (mwanga wa chini) na fulu (mwanga wa juu) ndani ya balbu moja.

Dalili ni hizi. Nikiwasha dimu hakuna kinachowaka, kulia wala kushoto. Zilizima zote kwa pamoja gari likiwa kwenye mwendo. Fulu zinawaka pande zote, na taa ya bluu kwenye dashibodi inawaka. Nikivuta mkono wa swichi kupiga fulu mara moja, inakubali. Taa ndogo, za nyuma, indiketa na honi havina shida.

Nilichokagua: fyuzi mbili za taa kubwa, moja ya kila upande, zote 15A. Nimezipima kwa multimita, ni nzima. Rilei ya taa (swichi inayoendeshwa kwa umeme) nimebadilishana na nyingine inayofanana nayo kabisa, hakuna tofauti. Balbu zilizokuwemo ni za 100/90W. Nimefunga mpya za 60/55W, dimu bado hakuna.

Kinachonichanganya ni kwamba nikigusa plagi ya balbu kwa testa, waya zote tatu zinaonyesha umeme. Yaani umeme upo kwenye dimu, balbu nzima, na haiwaki. Mmoja ananiambia ninunue swichi nzima ya usukani, mwingine anasema waya umekatikia ndani. Sitaki kununua kitu kabla ya kujua. Nina multimita ya kawaida, testa ya balbu na vipande vya waya.

FundiWaya

Mkuu, maelezo yako yenyewe yameshaondoa nusu ya kazi.

Kwenye H4 uzi wa dimu na uzi wa fulu vinatumia mguu mmoja kwa pamoja. Fulu ikiwaka pande zote, maana yake kila kitu kinachohudumia mguu huo ni kizima: betri, fyuzi zote mbili, rilei na waya wenyewe. Achana na fyuzi na rilei, usizirudie tena. Kinachobaki ni kile ambacho dimu inakitumia peke yake: waya wa dimu kutoka kwenye balbu, na kituo cha dimu (mahali shaba zinapogusana) ndani ya swichi ya usukani.

Sasa hilo la waya tatu zote kuonyesha umeme. Gari lako linaelekea kuwa la aina inayokata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), na magari mengi ya Kijapani ya kipindi hicho yako hivyo. Kwenye magari mengine mguu wa pamoja umefungwa ethi moja kwa moja, na swichi inapeleka chanya ama kwenye dimu ama kwenye fulu. Kwenye lako ni kinyume: ukiwasha taa, chanya inafika kwenye mguu wa pamoja, na kazi ya swichi ni kuupeleka waya wa dimu au wa fulu kwenye ethi. Swichi isipoifikisha dimu ethi, mkondo hauna pa kutokea. Hapo chanya inapita kwenye uzi wa balbu na kusimama upande wa pili, ndiyo maana testa inawaka hata kwenye waya wa dimu.

Hata ukichomoa balbu ya kushoto bado utaona umeme kwenye waya wake wa dimu, kwa sababu waya za dimu za kushoto na kulia zimeungana, na chanya inarudi kupitia balbu ya kulia. Ukitaka kuona plagi ilivyo bila balbu yoyote, chomoa zote mbili. Hapo chanya itabaki kwenye waya mmoja tu, nao ndio wa pamoja.

Kwa hiyo kwenye gari la namna hii, umeme kwenye waya wa dimu huku taa imewashwa ni dalili ya ugonjwa. Dimu nzima inatakiwa kusoma karibu na sifuri.

Pima hivi, balbu zikiwa zimechomekwa na injini imezimwa. Weka multimita kwenye volti DC, safu ya 20. Ncha nyeusi iweke kwenye hasi ya betri yenyewe, usiweke kwenye bodi. Ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya plagi ya balbu, mahali waya unapoingilia, ili plagi ibaki imeshika balbu. Chukua vipimo vya waya zote tatu taa ikiwa kwenye dimu, halafu zote tatu ikiwa kwenye fulu. Pima na betri yenyewe nyakati zote mbili. Ziandike hapa zote, hata zile unazoona hazina maana.

Volti12

Naongezea kwa alichosema FundiWaya, maana hapa ndipo watu wanapopoteza hela nyingi.

Testa ya balbu na multimita havipimi kama waya unaweza kubeba mzigo. Multimita ya kidijitali inavuta mkondo mdogo mno. Waya wenye nyuzi ndogo 30 ndani, zikakatika 29, bado utakuonyesha 12.5V kamili kama hakuna kinachovuta. Ukiunga balbu ya 55W inayotaka zaidi ya ampea 4, volti zinaporomoka palepale. Ndiyo maana amekwambia upime huku balbu zimechomekwa.

Na usipime fyuzi kwa kuitazama. Ufa wa fyuzi unaweza kuwa mwembamba kiasi cha kutoonekana. Washa taa, gusa vile vitundu viwili vidogo mgongoni mwa fyuzi kwa testa. Umeme pande zote mbili, nzima. Upande mmoja tu, imekatika. Huna haja ya kuing'oa.

Kama una wasiwasi na balbu mpya, zipime nje ya gari. Uzi mzima wa H4 ukiwa wa baridi unasoma omu chache za desimali, kama 0.2 hadi 0.4. Usitegemee omu 2 au 3 ambazo ungezipata kwa kupiga hesabu ya wati, hizo ni za uzi ukiwa wa moto. Uzi wa dimu utautambua kwa macho: una kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachozuia mwanga usipande juu. Kioo usikiguse kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaungua juu yake na kufanya sehemu hiyo ipate moto kupita kiasi, balbu inakufa mapema. Ikiguswa, ifute kwa spiriti na kitambaa safi kabla ya kuiwasha.

Dereva_Makini

Asanteni sana wakuu. Nimepima na balbu za 60/55W, injini imezimwa.

Kwenye dimu: betri 12.5V. Waya wa pamoja 12.5V, wa dimu 12.5V, wa fulu 12.5V.

Kwenye fulu: betri 12.3V. Waya wa pamoja 11.9V, wa fulu 0.8V, wa dimu 11.9V.

Kulia na kushoto ni sawa, tofauti ni 0.05V tu.

FundiWaya

Safi kabisa. Hiyo ni gari ya kukata ethi bila ubishi, na njia ya dimu kwenda ethi imekatika sehemu ambayo ni ya pande zote mbili.

Kwanza hakikisha kwa waya wa majaribio. Chukua waya wa milimita za mraba 1.5 au zaidi wenye fyuzi ya 15A katikati. Washa dimu. Upande mmoja uunge kwenye waya wa dimu nyuma ya plagi ya balbu, upande wa pili gusa hasi ya betri. Dimu zote mbili zikiwaka, balbu na waya za mbele ni nzima.

Kisha hamia kwenye usukani. Fungua kava la chini la nguzo ya usukani, kwa kawaida ni skrubu tatu au nne. Tafuta plagi kubwa ya swichi ya taa. Kama gari lina mfuko wa hewa kwenye usukani, toa hasi ya betri kwanza, subiri dakika kadhaa kabla ya kufungua, na plagi za njano usizichomoe wala kuzipima. Multimita kwenye saketi ya mfuko wa hewa inaweza kuufyatua. Ukishafungua na kuona plagi ya taa ilipo, rudisha betri upime, mikono ikiwa mbali na hizo za njano.

Ncha nyeusi ibaki kwenye hasi ya betri, refusha waya. Nyekundu pima kwa nyuma ya plagi ya swichi: waya wa dimu unapoingia, na waya wa ethi unaotoka. Kwenye Toyota waya wa ethi mara nyingi ni mweupe wenye mstari mweusi. Dimu ikisoma 12.5V pale na ethi 0V, basi waya ni mzima mpaka kwenye plagi, na ugonjwa uko ndani ya swichi au kwenye meno ya plagi yenyewe. Dimu ikisoma 0V pale huku kwenye balbu ni 12.5V, waya umekatika katikati.

MamaSpana

Naomba niongelee hiyo 0.8V ya kwenye fulu, isipite kimya kimya.

Fulu inawaka, kwa hiyo ni rahisi kuona ni nzima. Si nzima. Upande wa chanya anapoteza 0.4V kutoka betri hadi balbu, upande wa ethi anapoteza 0.8V. Balbu inabaki na 11.1V kati ya 12.3V. Hiyo ni pungufu ya asilimia 10, na mwanga wa balbu ya halojeni haushuki sambamba na volti, unashuka kwa kasi zaidi: volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Upande wa ethi ukizidi 0.5V kwa mzigo wa kawaida, kuna mahali panachemka.

Chanzo amekitaja mwenyewe: balbu za 100/90W. Dimu mbili za 55W zinavuta kama ampea 9 kwa pamoja. Mbili za 90W ni ampea 15. Na kwenye gari linalokata ethi, mkondo wa kulia na kushoto wote unapita kwenye kituo kimoja kidogo ndani ya swichi, cha shaba, kisichozidi ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Joto linaongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo kituo kile kimekuwa kikipata karibu mara tatu ya joto lililokusudiwa. Shaba inaungua, inaota masizi, masizi yanaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Dimu inatangulia kufa kwa sababu ndiyo inayowashwa saa nyingi. Fulu iko njia hiyo hiyo.

Fyuzi haikukatika kwa sababu kila upande una yake ya 15A, na balbu ya 90W inavuta ampea 7.5 tu. Fyuzi inalinda waya dhidi ya shoti, haiwezi kujua kwamba swichi imezidiwa.

Balbu hizo za 100/90W zitoe na usizirudishe. Waya na plagi za kiwandani hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Tazama na plagi za balbu zenyewe: kama plastiki imegeuka kahawia au mguu wa dimu umelegea, plagi hiyo imekwisha. Kata, funga mpya ya kauri yenye waya wa milimita za mraba 2.5.

Jembe_la_Zamani

Kwa nini asivute tu waya wa dimu aufunge ethi moja kwa moja kwenye bodi, amalize? Taa zitawaka kila akiwasha swichi.

FundiWaya

Zitawaka, mkuu, ila akiweka fulu na dimu nazo zinabaki zinawaka. Nyuzi mbili kwa pamoja ndani ya H4 ni 115W kwenye balbu iliyotengenezwa kuwasha uzi mmoja, na rifleta na plagi vyote vinapata joto hilo. Kama ni kulifikisha gari nyumbani usiku huo, sawa, kwa waya wenye fyuzi na bila kugusa fulu. Ni bora kuliko kutembea na fulu na kuwapofusha wanaokuja mbele yako. Kesho yake iondolewe.

Dereva_Makini

Majibu ya leo. Waya wa majaribio: dimu zote mbili zimewaka, tena kwa nguvu.

Kwenye plagi ya swichi, taa ikiwa dimu: waya wa dimu 12.5V, wa ethi 0.0V. Kwenye fulu: waya wa fulu 0.7V, wa ethi 0.05V.

Plagi nimeichomoa (betri nikiwa nimeitoa). Meno mawili, la dimu na la ethi, yamegeuka rangi ya zambarau, na plastiki kuzunguka jino la dimu imevimba kidogo. Nimepima swichi pekee kwa omu: dimu hadi ethi hakuna kabisa, fulu hadi ethi inachezacheza kati ya 0.3 na 1.2 nikiutikisa mkono wa swichi.

MamaSpana

Basi jibu umelipata: swichi imeungua ndani, na plagi imepata moto kutoka kwake. Ungenunua swichi peke yake na kuichomeka kwenye plagi hiyo hiyo, meno yaliyopoteza mkazo yangeiunguza mpya.

Swichi inafunguka, na vituo vinaweza kusuguliwa kwa msasa laini. Simshauri mtu afanye hivyo kama suluhisho la kudumu. Ile shaba imekuwa nyembamba na springi yake imelegea kwa joto, na ndani kuna gololi na vispringi vidogo vinavyoruka ukifungua. Tafuta swichi nzima, hata ya mtumba, lakini ipime kwa omu kabla ya kulipa: dimu na fulu kila moja isome sawa na unapogusanisha ncha za multimita zenyewe, na isibadilike ukiutikisa mkono.

Kwenye plagi, toa jino la dimu na la ethi kwa pini nyembamba, kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa (shaba iliyogeuka nyeusi haishiki vizuri), bana meno mapya. Jino la fulu liangalie nalo. Jino zuri linang'ang'ania pini ya swichi ukilivuta. Likiteleza tu, badilisha.

Kisha uipunguzie swichi mzigo kwa kufunga rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Hii ndiyo kazi itakayofanya swichi mpya idumu, na itakurudishia zile volti unazopoteza njiani.

Volti12

Mpangilio wa rilei kwa gari la kukata ethi, maana michoro mingi inayozunguka ni ya magari ya kukata chanya na ukiifuata kama ilivyo haitafanya kazi.

Unahitaji rilei 2 za miguu minne, 12V 30A, na soketi zake. Vishikio 2 vya fyuzi na fyuzi 2 za 15A. Plagi 2 mpya za H4. Plagi 1 ya kiume ya H4 ya kuingia kwenye plagi ya zamani ya gari. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa mkondo mkubwa na wa 0.75 kwa koili (uzi wa sumaku ndani ya rilei).

Plagi ya zamani ya upande mmoja inakuwa ya kuamrisha tu. Waya wake wa pamoja, ule wenye chanya, nenda nao kwenye mguu 86 wa rilei zote mbili. Waya wa dimu uende mguu 85 wa rilei ya kwanza, wa fulu uende mguu 85 wa rilei ya pili. Swichi ikiipeleka dimu ethi, koili ya kwanza inavuta. Usigeuze 85 na 86 kama rilei ina dayodi ndani, utaichoma dayodi au utakata fyuzi.

Mguu 30 wa kila rilei unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi yake, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Mguu 87 wa rilei ya kwanza unagawanyika kwenda mguu wa dimu wa balbu zote mbili, wa rilei ya pili kwenda mguu wa fulu. Mguu wa pamoja wa balbu sasa unakwenda ethi, kila upande na ethi yake. Plagi ya zamani ya upande wa pili ifunikwe na kufungwa vizuri isiingie maji.

Koili ya rilei ina omu 80 hadi 100 hivi, inavuta ampea 0.15. Hicho ndicho kitakachobaki kupita kwenye swichi badala ya ampea 9.

Taa ya bluu ya fulu iangalie ukimaliza. Baadhi ya magari yanaipitishia mkondo kwenye uzi wa balbu, na ukifunga rilei inaweza kuwaka hafifu wakati wote au kukataa. Ikitokea hivyo, waya wake uhamishwe ukachukue chanya kwenye mguu 87 wa rilei ya fulu na ethi kwenye bodi.

Saluni_Nyeupe

Samahani kwa kuingilia, shida yangu inafanana kidogo. Dimu ya kushoto inawaka nyekundu nyekundu, hafifu. Ya kulia nzuri. Balbu nimehamisha kulia na kushoto, ugonjwa unabaki kushoto. Nikiwasha indiketa ya kushoto, hiyo taa inacheza pamoja nayo.

FundiWaya

Lako ni la kukata chanya, na ethi ya upande wa kushoto mbele imekufa. Ile kucheza na indiketa ndiyo saini yake: taa imekosa ethi yake, inatafuta ethi kupitia uzi wa balbu za indiketa na taa ndogo zinazotumia waya huo huo.

Thibitisha: dimu ikiwa imewashwa, nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye waya wa ethi nyuma ya plagi ya balbu. Inatakiwa isizidi 0.2V. Ukisoma volti 2, 4 au zaidi, umeshaipata. Fuata waya huo mpaka kwenye boliti yake, mara nyingi iko kwenye bati la ndani la madigadi au kwenye fremu nyuma ya taa. Fungua, sugua bati na ringi ya waya mpaka chuma king'ae, rangi na kutu vyote vitoke, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka mafuta ya mgando juu yake. Mafuta yapakwe baada ya kukaza. Ringi ikiwa imeliwa na chumvi ya kijani, kata ubane mpya.

Kandili

Na fyuzi ya dimu ya kulia inayokatika kila nikiwasha? Nimeweka ya 20A, ikakaa muda mfupi ikakatika pia.

Volti12

Rudisha ya ukubwa ulioandikwa kwenye kifuniko, leo hii. Ukiendelea kupanda, kitakachoungua badala ya fyuzi ni waya, na waya unaungua ndani ya mkusanyiko wenye waya nyingine.

Kutafuta shoti bila kumaliza boksi la fyuzi: chukua balbu ya breki, 12V 21W, unganisha waya mbili, zichomeke mahali pa fyuzi. Chomoa balbu ya dimu ya kulia. Washa dimu. Kama balbu ya breki inawaka kwa nguvu huku taa imechomolewa, mkondo unatorokea mahali kwenye waya. Haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 2, kwa hiyo hakuna kitakachoungua, unaweza kuiacha imewaka na kutembea na waya kwa mikono. Utikise, uusogeze kidogo kidogo, hasa unapopita kwenye ukingo wa bati, karibu na feni ya rejeta, na nyuma ya taa palipowahi kugongwa. Balbu ikififia au kuzima ghafla, hapo ndipo ngozi ya waya imechubuka.

Kama balbu ya breki haiwaki taa ikiwa imechomolewa, shoti iko kwenye balbu au ndani ya taa yenyewe. Maji ndani ya taa ni jambo la kuangalia kwanza.

MamaSpana

Kwa watakaosoma wakiwa na magari mapya: vipimo hivi havihamii huko moja kwa moja. Mengi hayana rilei ya dimu kabisa, kompyuta ya bodi ndiyo inayolisha kila balbu, na inapeleka umeme kwa mapigo ya haraka, kwa hiyo multimita inaweza kusoma pungufu na taa ikawa nzima. Ikihisi shoti inakata upande huo, na kwenye baadhi ya magari haiurudishi hata ukiweka balbu mpya mpaka msimbo wa hitilafu ufutwe kwa mashine. Huko anza na mashine, usianze na testa.

Na taa za xenoni msizipime kabisa kwa ncha za multimita. Zinawashwa kwa pigo la volti zaidi ya 20,000. Zima, subiri, hamisha balbu kulia na kushoto. Ugonjwa ukihama ni balbu, ukibaki ni balasti (kifaa kinacholisha balbu ya xenoni) au waya wake. Mwanga ukianza kuwa wa waridi kabla ya kuzima, balbu imezeeka.

Dereva_Makini

Nimefunga swichi, meno mapya na rilei mbili. Injini ikiwa inazunguka, betri inasoma 14.1V. Kwenye mguu wa dimu wa balbu napata 13.7V, ethi 0.08V. Taa ya bluu inafanya kazi kama kawaida.

Swali la mwisho: sasa mwanga ni mkali kuliko mwanzo, na kulia unaonekana umepanda juu. Ni rilei?

FundiWaya

Si rilei. Ama balbu ya kulia haijakaa kwenye vijino vyake vitatu (H4 ina kijino kimoja kipana, inaingia kwa mkao mmoja tu, na ile klipu ya waya lazima ilale kabisa), ama taa ilikuwa imepanda tangu zamani na mwanga hafifu ulikuficha.

Itoe, iingize upya, usikie klipu inakaa. Kisha lisimamishe gari mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo wake, mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, weka alama ukutani kwa urefu huo. Mstari wa juu wa mwanga wa dimu unatakiwa kuwa sentimita 10 chini ya alama hiyo, kulia na kushoto sawa. Kama taa yako ina asilimia iliyochapwa juu yake, mfano 1.2%, basi ni sentimita 12. Rekebisha kwa skrubu ya juu ya taa, nusu mzunguko kwa wakati mmoja, huku ya upande wa pili umeifunika kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi tu, lenzi inapata moto.